Utafiti wa Utende: alama anatoa nani?

Wanasayansi wengi wa bahari wa Afrika Mashariki wanaijua Utende. Ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822. Mbele ya kijiji kuna Ghuba ya Chole, na humo watafiti wamezama, wamepiga picha, wamepima na kuondoka kwa zaidi ya miaka 30. Wengine wamefuata matumbawe, wengine kasa, wengine mikoko. Kazi zao zimesomwa na kupewa alama, ila waliotoa alama hizo wako mbali na Utende, na hilo ndilo linalonikera.

Katika vyuo vikuu vyetu mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, na chapisho huthaminiwa kwa jarida lililolitoa. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu kimataifa. Sipingi mtafiti wa Kitanzania kutuzwa, maana wengi wao wanafanya kazi kwa vifaa duni na fedha za kuombaomba. Ninachouliza ni nini hasa kinachotuzwa. Hadhi ya jarida kwa kawaida hupimwa kwa wastani wa mara ambazo makala zake za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa na wasomi wengine. Mmarekani Eugene Garfield, aliyekibuni kipimo hicho, alitaka kurahisisha uteuzi wa majarida, na wakutubi wakakitumia kuamua lipi linunuliwe. Wanasayansi na wahariri waliokutana San Francisco mwishoni mwa 2012 walitoa azimio la kutaka kiachwe kutumika kumpima mtafiti mmoja mmoja. Sisi bado tunakikumbatia.

Twende ufukweni. Vyombo vikirudi, mkusanya takwimu anasubiri na daftari, mizani na ubao wa kupimia. Anauliza: mmevua wapi, kwa mshipi au kwa nyavu, mmekaa saa ngapi? Kisha anaanza kulaza samaki mmoja mmoja juu ya ubao, kichwa kikigusa kizuizi, mkia ukinyooshwa: changu, tasi, pono. Jua linapanda, mchuuzi anahimiza, na mvuvi anangoja. Muda huo halipwi na mtu. Tarakimu zinazotoka kwenye daftari kama hilo zinaweza kumpa mtu shahada ya uzamivu, na jina la mvuvi halitaonekana popote. Sidai jina lake liandikwe. Nadai arudishiwe jibu: samaki wanapungua au wanaongezeka, na kwa nini.

Mafia yenyewe ina ushahidi kwamba utafiti unaweza kuleta matunda yasiyohesabika kwa manukuu. Kuanzia mwaka 1989 vijana wa kujitolea wa shirika la Uingereza la Frontier, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima miamba ya matumbawe ya hapa, na taarifa zao zikasaidia kuifikisha hifadhi kwenye sheria. Wakazi wengi waliunga mkono wakitumaini kuwa wavuvi wa baruti kutoka nje wangedhibitiwa. Baadaye yakaja malalamiko kwamba sauti ya kijiji imefunikwa na ya wataalamu na wafadhili. Mwanaanthropolojia Christine Walley aliandika habari hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2004. Nakiheshimu sana kitabu hicho, lakini kiko kwa Kiingereza.

Au chukua papa potwe. Watu wa Kilindoni, hapahapa Mafia, huwaona kwa wingi kuanzia karibu Oktoba hadi Machi, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba baada ya hapo wanahama. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa mlio na kutega vipokezi chini ya maji. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 katika jarida la Biology Letters yalionyesha kwamba wengi wanabaki eneo hilohilo mwaka mzima. Wanachofanya ni kushuka kwenye kina na kusogea mbali na pwani. Habari hiyo inamhusu mwenye jarife kabla ya kumhusu msomaji wa London, kwa sababu inamwambia kwamba hakuna msimu ambao nyavu zake ziko salama na potwe, wala potwe salama na nyavu zake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwanaanthropolojia Pat Caplan. Alifika kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na akawa anarudi kwa miongo mingi. Mwaka 2014 wachapishaji Mkuki na Nyota walichapisha kwa Kiswahili kitabu chake *Mikidadi wa Mafia*, maisha ya mtu wa kisiwa hikihiki. Wenyeji wanaweza kukisoma, kukibishia na kukisahihisha. Kwenye mizani ya majarida, kitabu cha namna hiyo kina uzito gani? Hakigusi hata sindano.

Uingereza walibadili mizani yao. Katika tathmini ya vyuo vikuu ya mwaka 2021, asilimia 25 ya alama ilitokana na manufaa ya utafiti nje ya chuo, na chuo kilitakiwa kueleza kwa ushahidi nani amefaidika na vipi. Mfumo ule una kasoro zake, gharama na makaratasi mengi yakiwa miongoni mwake, ila swali ni sahihi.

Hapa kwetu hatuhitaji kuanza upya. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti na tayari inadai ripoti. Iongeze sharti moja: matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, na halmashauri ya kijiji iandike ilichosikia, ilichokubali na ilichokataa. Karatasi hiyo iwekwe kwenye faili la mtafiti pamoja na makala zake, isomwe na kamati inayompandisha cheo na wizara inayotoa zawadi. Mwanafunzi anayetumia fedha za umma asikabidhiwe shahada kabla ya kurudi Utende na majedwali yake, akasimama mbele ya watu walewale aliowapimia samaki, akaulizwa maswali.