Vipande Vinavyolingana

Nchini Marekani wako watu wengi ambao bunduki kwao ni kitu cha kukusanya, kufungua, kuunda na kubuni upya. Si askari, wala si wote ni wawindaji. Mmoja hutafuta bunduki ya jeshi ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuihifadhi kama ilivyotoka kiwandani. Mwingine hununua mtutu huku, kitako kule, mtambo wa kufyatulia mahali pengine, kisha akaviunganisha mezani kwake. Wanaojaribu kueleza mapenzi haya huanza na Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyopitishwa mwaka 1791, au na masimulizi ya walowezi waliosogea kuelekea magharibi na bunduki begani. Maelezo hayo yanatosha kuonyesha kwa nini Mmarekani anaruhusiwa kuwa na bunduki. Hayaonyeshi kwa nini mtu asiyewahi kufua chuma maishani anaweza kuiunda. Jibu la swali hilo la pili limo katika karakana za serikali za karne ya 19, na ni jibu linalokwenda kinyume na matarajio: uwezo wa kuifanya bunduki iwe yako peke yako, isiyofanana na ya jirani, ulitokana na juhudi ya miaka mingi ya kuhakikisha kwamba bunduki zote zinafanana.

Kabla ya juhudi hiyo kila bunduki ilikuwa kiumbe cha pekee. Katika karne ya 18 mafundi wenye asili ya Kijerumani na Kiswisi waliokaa Lancaster, Pennsylvania, walitengeneza bunduki ndefu za kuwindia zenye vitako vya mbao ya mepo iliyojaa mawimbi, na kijisanduku cha shaba ya manjano ubavuni. Upande wetu wa dunia, bunduki za mrao za Oman, zenye mitutu mirefu na pete za fedha, zilivuka bahari na kuonekana Zanzibar na pwani yote. Kazi hizo ni nzuri kweli, na anayezikusanya leo hana haja ya kujitetea. Lakini tuangalie zilivyotengenezwa. Fundi alikata kipande, akakijaribu, akakitoa, akakipiga tupa, akakijaribu tena, mpaka kikakubali kukaa na vipande vingine vya bunduki hiyohiyo. Tupa ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Matokeo yake ni kwamba kipande kilichovunjika hakikuweza kuchukuliwa kutoka bunduki nyingine, hata kama zote mbili zilitoka mkononi mwa fundi mmoja. Mwenye bunduki alipotaka kubadilisha kitu, alimwendea fundi. Hali hiyo bado ipo kwa gobore la Tanzania, linaloundwa na wahunzi wa vijijini kwa bomba na mbao: limeharibika, analiweza mhunzi, maana hakuna duka duniani lenye kipande chake.

Mabadiliko hayakuanzia Marekani. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa nchi yake mjini Paris, alitembelea karakana ya Honoré Blanc. Blanc alimpa vipande vya mitambo 50 ya bunduki iliyofunguliwa, vikiwa vimepangwa katika visanduku, na Jefferson mwenyewe akaokota alivyofikia mkono na kuunganisha mitambo kadhaa, yote ikakubali. Aliandika nyumbani kueleza alichokiona. Faida ya kijeshi ilikuwa dhahiri: bunduki kumi zilizovunjika vitani zingeweza kufunguliwa na kurudi saba nzima, bila kumngoja fundi. Kilichofuata kimesimuliwa vibaya kwa muda mrefu. Vitabu vya shule vya Marekani vilimpa heshima yote Eli Whitney, aliyepewa mkataba wa bunduki 10,000 mwaka 1798 na kuzimaliza mwaka 1809, miaka mingi baada ya muda alioahidi. Wanahistoria waliofungua bunduki zake na kuzipima walikuta vipande havibadilishani. Kazi halisi ilifanywa na watu wasio na sifa kubwa hivyo: John Hall kwenye karakana ya serikali ya Harpers Ferry, aliyetumia geji nyingi za kupimia kila kipande cha bunduki yake ya mfano wa 1819, Simeon North wa Connecticut, aliyetengeneza bunduki hiyohiyo mbali na Hall na vipande vyao vikakubaliana, na Thomas Blanchard, aliyebuni mashine ya kukereza vitako vya mbao kwa kufuata umbo la kitako cha mfano.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wa mwaka 1854. Waingereza walituma kamati kwenda kuchunguza karakana za Marekani, nayo ikafika Springfield, Massachusetts. Walichagua bunduki kumi, kila moja ya mwaka wake, kuanzia 1844 hadi 1853. Zikafunguliwa zote, vipande vikachanganywa, na mfanyakazi mmoja akaziunganisha upya kwa bisibisi tu. Tupa haikuguswa. Waingereza waliondoka wameridhika, wakanunua mashine za Kimarekani kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield. Tunapojadili mpenzi wa leo anayeunda bunduki mezani kwake, ni vyema tumkumbuke mfanyakazi huyo. Wanachofanya ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba yule alikuwa akithibitisha kuwa hakuna uchaguzi wa kufanya, kila kipande ni sawa na kingine. Huyu wa leo ametumia usawa huo kujipatia uchaguzi.

Kilichobaki kilikuwa bunduki hizo kufika mikononi mwa raia kwa wingi na kwa bei ndogo, na hilo lilifanywa na vita. Kila jeshi lilipopata silaha mpya liliuza za zamani. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ilitengenezwa kwa mamilioni, na mtambo wake ulikuwa imara kiasi kwamba Springfield ya jeshi la Marekani ya mwaka 1903 iliiga mambo yake makuu, hata serikali ikalazimika kumlipa Mauser. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya kuwinda, mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Springfield ya jeshi iliyobadilishwa kitako na vilengeo kumfaa yeye. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, alichokifanya rais kikawezekana kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1923 ilianzishwa New York kampuni ya Griffin & Howe, iliyojipatia jina kwa kugeuza Springfield kuwa bunduki za kuwindia; Ernest Hemingway alikuwa na mojawapo ya bunduki zake alipozunguka Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934. Waliokosa pesa za kampuni walifanya wenyewe nyumbani. Walikata mbao za kijeshi, wakapiga msasa kitako kipya cha mti wa jozi, wakafunga darubini. Mtambo haukuguswa, kwa kuwa wao hawakuwa na uwezo wa kuutengeneza wala haja ya kuutengeneza. Kiwanda kilikuwa kimeshafanya sehemu ngumu.

Kwa bunduki ya AR-15 hali hii imefikia kilele chake. Eugene Stoner aliibuni katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, Colt ikanunua haki zake mwaka 1959, na hataza kuu zilipokwisha mwaka 1977 kiwanda chochote kikawa huru kutengeneza vipande vyake. Mwaka 1995 jeshi la Marekani likaweka kipimo rasmi cha reli ya juu ya bunduki, inayoitwa Picatinny kwa jina la karakana ya New Jersey, ili kila darubini na kila taa ifungike bila kuchongwa. Raia wakakipokea kipimo hicho kwa furaha. Ukitazama mamia ya bunduki za aina hii zilizoundwa na wenyewe, utaona rangi, urefu na maumbo ya kila namna. Ndani yake kuna vipimo vilevile vya jeshi.

Hapa mtu anaweza kunipinga kwamba ninawapunguzia heshima wapenzi hawa, kana kwamba wanapanga tu walichotengenezewa. Sivyo. Kujua kipande kipi kinafaa kazi gani, kuifanya bunduki ikae begani kwa mtu mwenye mkono mfupi, kuiwezesha ilenge sawasawa katika mashindano ya shabaha: huo ni ujuzi, na wengine wanaufikisha mbali sana. Wapo pia wachache wanaochonga kitako kwa patasi na kutia nakshi kwa mkono, wala hakuna mashine inayowashinda. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa wengi ni wa kuchagua na kulinganisha, na ujuzi wa aina hiyo unategemea kazi ya umma iliyogharimiwa na hazina za serikali kwa zaidi ya miaka 100.

Mkusanyaji naye anasimama upande mwingine kabisa, na ndiyo maana watu hawa wawili, ambao mtu wa nje huwaona kitu kimoja, hugombana mara kwa mara. Mauser za Kijerumani zilikuwa na tarakimu za mwisho za namba ya bunduki kwenye vipande vidogo vingi, kwa sababu viwanda vya Ujerumani viliendelea kuvirekebisha kwa mkono, na askari aliagizwa asivichanganye. Kwa mhandisi, namba hizo ni ushahidi wa kazi isiyokamilika. Kwa mkusanyaji ni hazina: bunduki ambayo namba zake zote zinakubaliana hupata bei iliyo juu sana ya ile iliyochanganywa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wasovieti walizifungua Mauser walizoteka, wakazisafisha na kuziunganisha upya bila kujali kipande kilitoka wapi. Zinapiga vizuri. Wakusanyaji huzilipia kidogo. Naona wana haki, kwani bunduki ya zamani ni hati ya historia, na mihuri yake inaonyesha karakana, mkaguzi, kikosi, wakati mwingine nchi tatu ilizopitia. Aliyekata mbao za Springfield mwaka 1950 alipata bunduki nzuri ya kuwindia kulungu, lakini alifuta ukurasa. Wakati ule zilikuwa rahisi na nyingi, hakuna aliyeona hasara. Leo zilizobaki nzima zinatafutwa kwa taa. Anayetaka kubadilisha ya kwake siku hizi anazo bunduki mpya zisizo na historia za kufanyia kazi hiyo, na sioni sababu ya kuigusa ya zamani ambayo bado ni kamili.

Sheria nayo ilijikuta mbele ya swali lilelile la wakusanyaji: kama kila kipande kinabadilika, bunduki yenyewe ni ipi? Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 ilijibu kwamba sehemu yoyote ya silaha ni silaha, jambo ambalo halikutekelezeka, kwani hata springi ilihesabika. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta, kwa jina la uongo, bunduki ya Carcano ya jeshi la Italia kutoka duka la Chicago. Pamoja na darubini na gharama za kutumwa alilipa dola 21.45, na kwa bunduki hiyo akamuua Rais Kennedy. Sheria ya mwaka 1968 ilifunga biashara hiyo ya posta, ikabana uingizaji wa silaha zilizotupwa na majeshi ya nje, ikaziacha huru zilizotengenezwa hadi mwaka 1898 kama vitu vya kale, na ikachagua kipande kimoja kiwe ndicho bunduki kisheria: kiwiliwili cha katikati kinachoshika mtambo wa kufyatulia na kuunganisha vingine vyote. Hicho ndicho chenye namba, na mwenye duka hakiuzi bila kumwandika mnunuzi. Mtutu, kitako, darubini na vinginevyo ni vyuma na mbao tu.

Katika miaka ya karibuni kampuni kadhaa ziliuza viwiliwili ambavyo vilikuwa karibu kukamilika, bila namba, pamoja na vipande vyote vya kumalizia. Serikali ilitoa kanuni mwaka 2022 kwamba vifurushi vya namna hiyo vinaweza kuhesabiwa kuwa silaha, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiunga mkono kwa kura 7 dhidi ya 2. Wapenzi wengi walilalamika kwa hoja ambayo haifai kupuuzwa: tangu enzi za ukoloni Mmarekani amejiundia bunduki nyumbani bila kumwarifu mtu, na wengi wanaofanya hivyo hawajamdhuru yeyote. Sehemu ya pili ya hoja ni kweli. Ya kwanza inaazima heshima ya tupa kwa kazi ambayo tupa haikuifanya. Bunduki ya Lancaster ilitambulika kwa mkono wa fundi wake; hata gobore, pamoja na madhara yake yote kwa wanyamapori wetu na kwa watu, halifanani kabisa na jingine. Bunduki ya vipande vinavyolingana haina alama ya mkono wa yeyote, na ilibuniwa makusudi iwe hivyo. Ikipatikana kwenye eneo la mauaji bila namba, mpelelezi hana pa kuanzia. Kwa sababu hiyohiyo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zilipotia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, zilikubaliana kila silaha itiwe alama inapotengenezwa na inapoingizwa nchini. Zilikuwa zimeshaona vita ambavyo silaha zake hazikujulikana zilikotoka.

Namba haimzuii mtu kuchonga kitako, kubadilisha mtutu wala kutafuta kilengeo kinacholifaa jicho lake. Mpangilio wa mwaka 1968 ulimpa uhuru mpana kuliko sheria ya 1938, maana ulitoa vipande vyote mikononi mwa polisi isipokuwa kimoja. Anayedai na hicho kimoja kiachwe bila namba anawaalika watunga sheria warudi kule walikotoka, kwenye kuhesabu springi.