Winga wa Maji

Watoto, nani kati yenu amewahi kufika Kariakoo? Ukishuka tu Msimbazi, hujavuka barabara, winga ameshakuona. "Karibu, mdogo wangu! Unatafuta viatu? Twende huku." Anakupeleka mpaka dukani, unanunua, unakwenda zako. Yeye kiatu hakukishona wala hakukivaa. Dakika mbili hazijapita, yuko barabarani tena na mteja mwingine.

Leo nawahadithia winga wa namna hiyo, ila soko lake ni maji.

Kila molekuli ya maji ni atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, zimeshikana kama ndugu. Mwaka 1800, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipitisha umeme kwenye maji, wakaona mapovu: huku hidrojeni, kule oksijeni. Hidrojeni hiyo ni nishati. Ukiiunguza haitoi hewa ukaa. Inarudi kuwa maji.

Kazi ni kwamba ndugu hawa hawaachani kirahisi. Bila winga, umeme mwingi unapotea bure. Darasani winga huyo anaitwa kichocheo. Ni kitu kigumu, mara nyingi metali, kinachozipokea chembe za hidrojeni, kuzikutanisha mbilimbili, kisha kuziachia zipande juu kama mapovu. Chenyewe kinabaki palepale, kikingoja nyingine.

Winga bingwa ni platini. Siri yake iko mkononi. Winga mlegevu, wateja wanampita. Winga king'ang'anizi hamwachii mteja, na walio nyuma wanakwama. Platini hushika kwa kiasi, ikaachia kwa wakati. Lakini cha juu chake! Ni metali adimu, na nyingi huchimbwa Afrika Kusini. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta mawinga wa bei nafuu, kama nikeli, ambayo hata sisi tunayo ardhini kule Kabanga, wilayani Ngara.

Sasa, winga wa bei nafuu ni mzito. Dawa yake mojawapo ni kumkata vipande vidogo mno. Chukua mchemraba wa sentimita moja: nje yake yote ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe vijichemraba vya nanometa moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Uzito ni uleule, lakini nje zake zote ukizitandaza zinafika mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira! Duka la mlango mmoja limepata milango isiyohesabika.

Tena, milango yote si sawa. Mwaka 2007, Thomas Jaramillo na wenzake huko Denmark walichunguza kichocheo cha molibdeni na salfa, chenye umbo la vijikaratasi vyembamba mno. Wakagundua kwamba katikati ya kijikaratasi pamelala. Hidrojeni inatengenezwa kingoni. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakihangaika kuunda vipande vyenye kingo nyingi kadiri iwezekanavyo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wasingeshangaa. Siku mkienda, ulizeni kodi ya fremu iliyo katikati ya mtaa. Kisha ulizeni ya fremu ya kona.