Mkaa Hausafishi Kila Hewa

Neno "mkaa" limetwikwa mzigo mzito siku hizi. Ndilo jina la kile tuwashacho jikoni Likoni na Kisauni, na ndilo tulitumialo pia kwa punje nyeusi zilizomo katika chujio la mashine za kusafisha hewa nyumbani. Kazi yangu ni isimu, si kemia. Hata hivyo, naona kwamba neno hili, likiandamana na kitenzi "kusafisha", linaweza kumpotosha mnunuzi na kumgharimu zaidi ya fedha.

Mkaa wa chujio, ambao wataalamu huuita mkaa amilifu, hutengenezwa kwa mbao, makaa ya mawe au vifuu vya nazi, vile vile tuvitupavyo uani. Huchomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha hupitishiwa mvuke wenye joto kali mno hadi ujae vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu 1 tu ya mkaa huo yaweza kuwa na uso wa ndani unaozidi mita 1,000 za mraba. Mwaka 1915 mwanakemia wa Urusi, Nikolay Zelinsky, alibuni barakoa ya mkaa wa aina hii kuwakinga askari na gesi za sumu. Basi nguvu zake si porojo.

Lakini nguvu hizo hutenda kazi vipi? Watu husema mkaa "hufyonza" harufu. Sifongo ndicho kifyonzacho maji yakaenea ndani yake. Mkaa hunasa, mithili ya ulimbo unasavyo ndege. Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Ulimbo uliojaa manyoya haunasi tena. Vivyo hivyo, chujio likishajaa huwa pambo tu, na joto likizidi, baadhi ya vilivyonaswa huweza kurudi chumbani. Unyevu wa pwani yetu nao hugombea nafasi katika vitundu hivyo. Isitoshe, kitambaa chembamba kilichonyunyiziwa gramu chache za mkaa hakiwezi kudumu sawa na chujio lenye mkaa mwingi. Nyumba njema si mlango. Mnunuzi na aulize uzito wa mkaa uliomo na wakati wa kuubadilisha.

Tena, ulimbo haunasi kila kiumbe. Mkaa amilifu hunasa harufu nyingi, mvuke wa rangi na wa petroli. Vumbi laini huupita; hilo lahitaji chujio la nyuzi zilizosongamana, liitwalo HEPA. Kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu itokayo katika jiko la makaa, huupita pia. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ole wetu, makaa yakishakolea hayafuki moshi, na hapo ndipo mtu huliingiza jiko chumbani usiku wa mvua, akafunga madirisha akidhani yu salama. Mashine ya mkaa haitamwokoa. Jiko na libaki nje.

Je, chujio lenyewe lina madhara? Mkaa uliomo si sumu kwa wakaao chumbani. Cha kuhadhari ni mashine zinazojigamba kutoa ozoni ili kuua harufu, maana ozoni yenyewe hudhuru mapafu.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni kudhani kwamba hewa isiyonuka ni hewa safi. Tunao ushahidi karibu nasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani na Changamwe, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Vumbi la risasi halina harufu ya kumwonya mtu, na hutua udongoni wanapochezea watoto. Kuna chujio gani la chumbani lingewakinga? Dawa ilikuwa kuziba chanzo, na wakazi wenyewe, pamoja na Bi Phyllis Omido, ndio waliopiga kelele hadi kikafungwa.

Ndiposa nawasihi walimu wenzangu wa Kiswahili na wa sayansi washirikiane. Mwanafunzi asomapo "husafisha hewa", afunzwe kuuliza: huondoa nini? Huacha nini? Kilichoondolewa kinakwenda wapi? Kitenzi kisichotajiwa yambwa yake ni ahadi isiyo na mdhamini. Chujio la mkaa linunuliwe kwa kazi yake halisi ya kunasa harufu na mivuke kadhaa. Moshi wa jikoni na sumu za viwandani zidhibitiwe huko huko zitokako.