Kushuka Kusikoonekana Kwenye Medali

Februari 2014, katika Olimpiki ya Sochi, Mnorwe Ole Einar Bjørndalen alishinda mbio za kilomita 10 za bayathloni, mchezo wa kuteleza kwa skii huku bunduki ikiwa mgongoni na kusimama njiani kulenga shabaha. Alikuwa na umri wa miaka 40. Dominik Landertinger wa Austria alibaki nyuma kwa sekunde 1.3. Wengi walihitimisha kwamba umri umeshindwa. Hitimisho hilo linahitaji kukaguliwa.

Katika mbio hizo mshindani hupiga risasi kumi, tano akilala kifudifudi na tano akisimama, kutoka mita 50. Kila risasi inayokosa humlazimu azunguke mita 150 za adhabu, ambazo humla zaidi ya sekunde 20. Siku hiyo Landertinger hakukosa hata moja. Bjørndalen alikosa moja. Kwa hiyo mzee hakuokolewa na ustadi wa kulenga. Alishinda kwa moyo na mapafu, na hapo ndipo penye shaka.

Kadiri umri unavyosonga, kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hushuka, na mazoezi hayazuii hilo. Anayetaka kubaki kileleni hutegemea wingi wa damu inayosukumwa kwa kila pigo, yaani moyo mkubwa. Moyo huo hujengwa na kutunzwa kwa mzigo: wanabayathloni wa daraja la juu hufanya mazoezi kwa saa zipatazo 700 hadi 900 kila mwaka. Anayedumu miaka 24, kama alivyodumu Bjørndalen kuanzia Olimpiki ya 1994, hupita saa 16,000.

Vyumba vya juu vya moyo vina kuta nyembamba. Vikitanuliwa miaka mingi, misuli yake inaweza kupata makovu, na umeme unaoongoza mapigo ukapoteza njia. Matokeo yake ni mpapatiko: vyumba hivyo hutetemeka badala ya kusukuma, na oksijeni inayofika misulini hupungua papo hapo. Kwa mtu wa kawaida huo ni uchovu wa kupanda ngazi, na wakati mwingine hatari ya damu kuganda na kuleta kiharusi. Kwa mwanabayathloni anayepanda kilima, ni mwisho wa mbio.

Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa watu 52,755 waliomaliza Vasaloppet, mbio za skii za kilomita 90. Waliorudi mara nyingi zaidi, na waliokwenda kwa kasi zaidi, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mapigo yasiyo na mpangilio. Uchunguzi wa aina hiyo huonyesha uhusiano. Hauthibitishi chanzo, na haumwelezi mtu mmoja. Lakini mwelekeo wake unatisha: hatari ilipanda pamoja na bidii na ubora, vitu vile vile vinavyotuzwa kwa medali.

Turudi kwenye matokeo. Mwaka 2016, katika mashindano ya dunia mjini Oslo, Bjørndalen alipata medali nne akiwa na miaka 42. Mwaka 2017 huko Hochfilzen alipata shaba. Januari 2018 hakuchaguliwa kushindana katika Olimpiki ya Pyeongchang. Aprili alistaafu, akieleza kwamba majira yale ya baridi moyo wake ulikuwa umepoteza mpangilio wa mapigo. Kati ya shaba ya Hochfilzen na kustaafu ni takriban miezi 14. Yeyote aliyetegemea orodha ya washindi hakuona mteremko wowote. Aliona uwanda, kisha genge.

Hitilafu iko kwenye kipimo chenyewe. Matokeo hupima kile ambacho mwili bado unaweza kutoa, wala hayasemi kitu juu ya gharama. Mwili uliofunzwa vizuri hufidia upungufu kwa ustadi mkubwa, hivyo dalili zinaweza kuchelewa zaidi kwa mwanamichezo bora kuliko kwa yule wa kati. Kocha anayesubiri saa ya mbio imwonye atakuwa amechelewa, na anayechelewa zaidi ni kocha mwenye bingwa.