Moyo Usiolala: Usingizi na Shughuli za Mgonjwa wa Moyo

Katika Kiswahili, moyo ni makao ya hisia: mtu huvunjika moyo, hupiga moyo konde, hujipa moyo. Utajiri huu wa lugha una hatari yake. Mgonjwa asemapo, "Moyo wanisumbua, usiku silali," aghalabu hujibiwa kuwa ana mawazo mengi. Hupewa maliwazo ilhali anahitaji matibabu. Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini kauli hiyo yapasa kuchukuliwa kama ilivyo.

Kushindwa kwa moyo si kusimama kwa moyo. Ni hali ambapo moyo umedhoofika au umekakamaa, ukawa hauwezi kusukuma damu ya kuutosheleza mwili. Shinikizo la juu la damu, maradhi ya mishipa ya moyo na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Usiku humfika mgonjwa huyu kwa njia tatu. Kwanza, anapolala chali, maji yaliyotuama miguuni hurejea kwenye damu na kuulemea moyo; mapafu nayo hujaa maji. Ndipo huongeza mto wa pili, kisha wa tatu. Wapo wanaolala wameketi kitini. Daktari aulizapo, "Unalalia mito mingapi?" hafanyi mzaha, kwani idadi ya mito ni dalili ya uzito wa ugonjwa. Pili, dawa za kupunguza maji mwilini humwamsha kwenda haja ndogo, hasa zikimezwa jioni. Tatu, pumzi zenyewe huyumba: huongezeka, hufifia, husita kwa sekunde kadhaa, kisha huanza upya. Mtindo huu ulielezwa na madaktari wa Dublin, John Cheyne mwaka wa 1818 na William Stokes mwaka wa 1854, na hujulikana kwa majina yao. Huukatakata usingizi pasi na mgonjwa mwenyewe kukumbuka asubuhi.

Hasara huonekana mchana. Tangu mwaka wa 1928, madaktari hutumia madaraja manne ya New York Heart Association: la kwanza ni la anayefanya shughuli za kawaida bila taabu, na la nne ni la anayetweta hata akiwa ametulia. Hata hivyo, uchovu wa mchana hautokani na moyo pekee. Aliyekesha husinzia, hukosa makini, husahau hata dawa zake. Naye jirani humwita mvivu.

Twaweza kusaidia kwa swali jepesi: "Usiku unalalaje?" Jibu lifikishwe kwa daktari, ambaye aweza kubadilisha saa za dawa au kupima pumzi za usingizini. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huyu hakuficha; alisema, nasi tukasikia sitiari mahali pa dalili.