KIDONDA KISICHOUMA, NA DAKTARI ANAYEULIZA

Ndugu wafanyakazi, hakuna shamba wala kiwanda kisicho na watu wenye vidonda. Mkata miwa hujikata kwa panga, mchuma chai huchomwa na kijiti, na mtu wa mashine huungua. Vidonda hivyo huuma, na kwa kuwa vinauma tunakwenda zahanati. Lakini kiko kidonda kingine kisichouma, nacho kimewalemaza watu wengi. Madaktari hukiita kidonda cha Buruli. Inafaa tujue jinsi kilivyogunduliwa, maana habari hiyo inatuonyesha ni tabibu wa namna gani tunayemhitaji kazini kwetu.

Madaktari wa mji mdogo

Huko Australia, katika wilaya ya wakulima ya Bairnsdale, walikuwako madaktari wawili wa familia, Alsop na Searls. Daktari wa familia si bingwa wa kiungo kimoja. Hutibu baba, mama na watoto, na hujua kila mmoja anaishi wapi na anafanya kazi gani. Wawili hao waliona vidonda vya ajabu, vipana, visivyokubali dawa. Hawakuridhika kufunga bendeji na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Waliwashirikisha wataalamu wa mji mkubwa wa Melbourne.

Huko Profesa Peter MacCallum na wenzake waliviona vijidudu kwa darubini. Vijidudu hivyo ni ndugu wa vile vya kifua kikuu na ukoma. Lakini vilikataa kuota katika joto la mwili, yaani nyuzi 37. Vilikubali katika joto la chini zaidi, nyuzi 33 hivi. Mwaka 1948 walitangaza habari za wagonjwa 6. Ndipo ilipoeleweka kwa nini ugonjwa huu hushika zaidi mikono na miguu: kijidudu chake hupenda ngozi, ambako kuna ubaridi kuliko ndani ya mwili.

Mengo na Makerere

Ugonjwa huu haukuwa wa Australia peke yake. Nusu karne kabla ya hapo ulikwisha kuonekana Afrika, katika nchi ya Uganda. Mwaka 1897 Daktari Albert Cook alifungua hospitali ya misheni huko Mengo, Kampala. Alitibu kila kitu: uzazi, macho, homa, upasuaji na vidonda. Pia alifundisha. Yeye na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walianzisha mafunzo ya wakunga wa Uganda na kuwaandikia kitabu kwa Kiganda. Tena Cook alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa. Miaka mingi baadaye madaktari walisoma maandishi yake ya mwaka 1897, wakakuta humo vidonda vinavyofanana na hivi tunavyovisema.

Katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana katika kaunti ya Buruli, karibu na Ziwa Kyoga na mto Nile. Jina la ugonjwa limetoka hapo. Madaktari wa Makerere na wenzao, ambao walikuwa pia walimu wa wanafunzi wa udaktari, waliunda kikundi cha uchunguzi. Waliwafuata wagonjwa huko huko wanakoishi, pamoja na wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Kinyara. Walijaribu chanjo ya kifua kikuu, na mwaka 1969 wakatangaza kwamba iliwakinga baadhi ya watu, ila kwa muda mfupi tu.

Kwa nini hakiumi?

Jibu ni sumu inayotolewa na kijidudu hicho, ambayo ilitambuliwa mwaka 1999. Sumu hiyo huua nyama chini ya ngozi, na wakati huo huo hulaza maumivu. Kwanza hutokea kinundu kidogo, au sehemu ngumu ya ngozi, au uvimbe. Mara nyingi hakuna homa. Baada ya majuma kadhaa ngozi hupasuka, na chini ya kingo zake kidonda kimekwisha kuchimba mbali kuliko kinavyoonekana kwa juu. Kikichelewa, kovu hukunja kiungo, na mkono uliokunjika haushiki jembe wala panga. Katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Zamani dawa yake ilikuwa kisu: kukata sehemu kubwa ya nyama na kubandika ngozi nyingine. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kutumia dawa za kuua vijidudu. Siku hizi mgonjwa humeza rifampisini na klarithromaisini kwa majuma 8. Akiwahi, hupona bila kilema.

Ugonjwa huu kwa kawaida hautoki kwa mtu hadi mtu. Kwa hiyo mnyapara hana sababu ya kumfukuza mgonjwa, wala sisi hatuna sababu ya kumtenga. Huko Australia imeonekana kwamba mbu hueneza. Afrika ugonjwa huonekana zaidi kwa watu wanaokaa karibu na mabwawa na mito iendayo polepole.

Wajibu wetu

Sisi tumezoea kukiita kila kidonda sugu kidonda ndugu, kisha tunakizoea. Tuache. Kinundu kisichouma, ambacho hakiondoki, kionyeshwe zahanati mapema, hasa kikiwa kwa mtoto.

Viongozi wa matawi nao wana kazi. Katika mazungumzo na mwajiri tusidai jengo la zahanati na kabati la bendeji peke yake. Tudai tabibu anayekaa, si yule apitaye mara moja kwa mwezi. Awe na daftari la kila mgonjwa, na jinsi ya kupeleka vipimo maabara ya hospitali kubwa. Tena apewe saa za kuwafundisha wafanyakazi na wake zao. Alsop, Searls na Cook walitibu watu waliowajua, wakauliza walipoona jambo geni, wakaandika. Mfanyakazi wa shambani anastahili daktari kama huyo.