Hataza Si Kufuli la Milele

Kila tukizungumzia bei ya dawa hapa Pwani, hatokosi mtu wa kusema, "Wazungu wameziwekea hataza, hatuna la kufanya." Kauli hii nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye matatu. Ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo yenye manufaa kwetu.

Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili aweze kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasiagize kitu alichokivumbua bila idhini yake. Si zawadi ya bure, ni mapatano. Mvumbuzi naye hulazimika kuandika siri yake yote, kiasi kwamba fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo akisoma aweze kukitengeneza. Hapa Kenya haki hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Muda ukiisha, kila mtu ana ruhusa.

Tuchukue nyumba ya mgonjwa wa kisukari, iwe Kilifi au Lamu. Mna vitu vitatu: insulini, mashine ya kupimia sukari, na sola inayoendesha friji ya kuhifadhia dawa. Vyote vitatu vilipitia hataza.

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuza hataza yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka iwafikie wagonjwa wote. Mbona basi bado ni ghali? Insulini ile ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 ikaanza kuuzwa inayotengenezwa na bakteria, mfano wa ile ya mwili wa binadamu, jambo lililowaondolea Waislamu wengi wasiwasi. Baadaye zikaja zinazofanya kazi kutwa nzima. Kila hatua mpya ilikuja na hataza mpya, na hata kalamu ya kudungia ina zake. Kisha, sehemu kubwa ya soko la dunia imo mikononi mwa kampuni tatu. Kwa hivyo hataza ya zamani ikifa, bei haishuki yenyewe. Lazima apatikane mtengenezaji mwingine.

Mashine ya sukari nayo ina kisa chake. Anton Clemens wa Marekani alipata hataza ya kipimo chake mwaka 1971. Kilikuwa na uzito wa kama kilo moja na kilisoma rangi ya karatasi iliyotiwa damu. Za leo hupima umeme mdogo unaotokea damu inapokutana na kemikali kwenye stripu. Mashine hizi huuzwa kwa bei nafuu, lakini stripu za kampuni moja kwa kawaida haziingiliani na mashine ya kampuni nyingine. Kabla hujanunua, uliza bei ya stripu kwanza, maana hizo ndizo utakazonunua kila mwezi.

Sola ndiyo mfano unaonifurahisha zaidi, kwa kuwa diploma yangu ni ya umeme. Mwaka 1954 Chapin, Fuller na Pearson wa maabara ya Bell huko Marekani walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Hataza ilitolewa mwaka 1957, na imekwisha kitambo. Paneli nyingi za leo hupita asilimia 20, na viwanda vingi vinashindana kuzitengeneza. Ndiyo maana zimeshuka bei mpaka zikafika kwenye mapaa ya makuti.

Sasa turudi kwenye dawa. Hataza ikiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kutengeneza dawa ile ile kwa jina lingine na bei ya chini. Hiyo si dawa feki. Feki ni ile inayodanganya kuhusu ilichonacho au ilikotoka. Mnamo Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa sheria dhidi ya bidhaa bandia isitumike kuwanyima wagonjwa wa UKIMWI dawa za bei nafuu kwa kuzichanganya na feki. Tena, Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inaipa serikali nafasi ya kuruhusu uvumbuzi wenye hataza utumike kwa manufaa ya umma. Kumbe la kufanya lipo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hakuna hataza ya dunia nzima. Iliyosajiliwa Marekani pekee haina nguvu Kenya. Na maandishi ya hataza husomwa bure kwenye intaneti. Fundi wa Kongowea anaweza kujifunza humo.

Na wewe fundi mwenye wazo lako, usiliweke kwenye Facebook wala kwenye maonyesho kabla ya kupeleka ombi KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Watakuuliza mambo matatu: ni jipya? Je, mjuzi wa kazi hiyo asingelifikia kwa wepesi? Laweza kutengenezwa au kutumika viwandani? Njia ya kumtibu mtu haipewi hataza, lakini kifaa au dawa inayotumika katika tiba hiyo yaweza kupewa. Kwa uvumbuzi mdogo, kama kuboresha kifaa kilichopo, kuna cheti cha miaka 10 chenye masharti mepesi zaidi.

Kwa hivyo, ndugu zangu, ukiandikiwa dawa ya bei usiyoiweza, muulize daktari au mfamasia: kuna ya jina lingine yenye kazi ile ile? Swali hilo halilipiwi.